Waacheni wachukue mbu, lakini warudi na jibu

Wasee wa Kisumu Ndogo, leo tuongee mbu. Najua mshachoka nao, lakini nisikizeni kidogo.

Mwaka jana vijana fulani walikuja kwetu na mtego wa taa, wanataka kunasa mbu. Nyanya akawafukuza: "Mbu wa kwangu mwawapeleka wapi?" Mimi nikacheka. Wiki hiyohiyo mdogo wangu alikuwa amelala na malaria. Leo naona swali la nyanya lilikuwa zuri, ila mlango hakufaa kuufunga.

Cheki, ukimponda mbu ukutani utadhani wote ni wamoja. Kumbe huku pwani kuna Anopheles gambiae, kuna arabiensis, kuna merus anayezaliana kwenye maji ya chumvi. Kwa macho wanafanana kama mapacha, lakini tabia mbalimbali. Gambiae anapenda damu ya mtu, tena ndani ya nyumba. Arabiensis ng'ombe pia anamuuma, na nje yuko sawa tu. Huyo neti yako haimsumbui sana.

Kuwajua, lazima usome DNA yao. Kuna kipande kiko kwenye mitokondria, kile kijimashine kinachoipa seli nguvu, na mbu hukirithi kwa mamake. Cha gambiae kilisomwa chote mwaka 1993: herufi 15,363 tu. Ukikilinganisha na cha mbu mwingine, unaanza kuona nani ndugu ya nani na mgeni katoka wapi.

Lakini ukoo wa mama haumalizi hadithi. Utafiti wa 2015 ulionyesha gambiae na arabiensis walichanganyikana zamani. Ukisoma mitokondria peke yake utadhani ni ndugu toka nitoke, na sivyo. Ndiyo maana wanahitaji mbu wengi, na DNA yote.

Na mgeni yuko njiani. Anopheles stephensi asili yake ni Asia ya kusini na Uarabuni. 2012 alionekana Djibouti, 2016 Ethiopia, 2022 akanaswa Marsabit, hapahapa Kenya. Huyu ni mbu wa mjini, hutaga kwenye matangi na mapipa ya maji. Sasa fikiria mtaa wetu mfereji ukikauka: kila mlango una pipa na madumu. Akifika hapa, nani atamjua kwa sura?

Uwezo wa kusoma DNA upo hapa Kilifi. KEMRI na wenzao wa Wellcome walisoma virusi vya korona wakati ule wa janga. Kwa hivyo mimi nasema fungueni milango, mtego ulale chumbani usiku mmoja, hautaki kodi.

Nanyi mnaokuja na mitego, mkishasoma rudini. Kaeni na nyanya hapo barazani, mwambieni kwa Kiswahili cha kueleweka ni mbu gani mlimkuta kwake na afanye nini na pipa lake. Mbu ni wake, jibu pia ni lake.