Sala Iliyotundikwa Ukutani



Ndugu wapendwa katika Kristo, muumini mmoja aishiye Ujerumani ameniletea swali ambalo naona lafaa kujibiwa mbele ya wote. Kwa miaka kadhaa amekuwa akinunua, minadani na katika masoko ya vitu vikuukuu, zile sahani za kale za mkate zilizochongwa kwa mti. Sasa anazo nyingi, amezitundika ukutani sebuleni, na anaziona fahari. Mgeni wake mmoja alimwambia kuwa ni kufuru. Yeye anasema ni heshima kwa dini. Ananitaka niamue.

Kwa wale wasiozijua, sahani hizi ni za duara, zenye upana wa kutosha mkate mzima, na hazitofautiani sana na kile ambacho watu wa pwani hukiita chano. Fundi alikereza mti uitwao Linde au Ahorn, akaacha katikati pawe tambarare kwa ajili ya mkate na kisu, kisha akachonga ukingoni masuke ya ngano pamoja na maneno. Nyingi zilitengenezwa katika nusu ya pili ya karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Maneno yaonekanayo mara nyingi ni ombi la nne la Sala ya Bwana, lile la mkate wa kila siku, kwa herufi za kale za Kijerumani. Zipo pia zenye methali isemayo kuwa chumvi na mkate huyafanya mashavu kuwa mekundu, yaani chakula cha kawaida chatosha kumpa mtu afya. Mahali pake palikuwa mezani. Katika nyumba nyingi za Wakatoliki wa Bavaria, mwenye kukata mkate alichora kwanza ishara ya msalaba kwa ncha ya kisu upande wa chini wa mkate. Sahani, kisu, msalaba, na watoto wanaongoja vipande vyao: yote hayo yalikuwa sala moja.

Nianze na mgeni. Kufuru ni neno zito, tusilitupe ovyo. Sahani hizi ni vyombo vya jikoni, hazikuwekwa wakfu kwa ibada, na kuzinunua au kuziuza si dhambi. Lakini wewe ndugu yangu uziitaye heshima kwa dini, kwako nakataa, tena nakataa kwa sauti kubwa. Ombi lililotundikwa na mtu asiyeomba chochote limekwisha kuwa pambo. Na pambo la namna hii lina hatari yake: humfanya mwenye nyumba ajione mcha Mungu kila apitapo mbele yake, ilhali halimdai kitu.

Tazama vema yaliyochongwa. Bwana hakutufundisha kuomba mkate wangu, bali mkate wetu. Tena fungua Injili ya Luka sura ya 11. Mara tu baada ya kuwapa wanafunzi sala hiyo, Bwana anasimulia habari za mtu agongaye mlango wa rafiki yake usiku wa manane akitaka mikate mitatu. Je, ana njaa yeye? La! Amefikiwa na mgeni, naye hana cha kumwandalia. Hivyo ndivyo Bwana mwenyewe alivyoifafanua sala yake: aombaye mkate humwombea na mwingine. Ndiyo maana Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2831, inatukumbusha kwamba kuwapo kwa wenye njaa duniani kunatuwajibisha sisi tuisalio sala hii. Huwezi kuitamka kwa unyofu huku umemfungia mlango jirani yako.

Wajerumani wenyewe wanajua thamani ya ombi hilo. Katika Vita Kuu ya Kwanza, mkate ulianza kugawiwa kwa kadi mwaka 1915, na unga ukachanganywa na viazi. Majira ya baridi ya 1916 hadi 1917 yaliitwa majira ya mizizi, kwa sababu watu walikula mizizi iliyozoeleka kuwa chakula cha mifugo. Raia mamia ya maelfu walikufa katika vita ile kwa kukosa lishe. Sahani nyingi unazozinunua leo zilikuwa zimekwisha kuchongwa wakati huo. Waliokaa kuzizunguka walilisoma ombi lile kwa matumbo matupu.

Njaa ikarudi baada ya Vita Kuu ya Pili. Tarehe 31 Desemba 1946, katika baridi kali, Kardinali Josef Frings, Askofu Mkuu wa Köln, alihubiri katika kanisa la Mtakatifu Engelbert. Alifundisha kwamba katika dhiki ya namna ile mtu aweza kujichukulia kilicho cha lazima ili kulinda uhai na afya yake, ikiwa hawezi kukipata kwa kazi wala kwa kuomba. Papo hapo akawaonya waliovuka mpaka huo kwamba wapaswa kurudisha. Watu wakatunga neno jipya, „fringsen“, maana yake kujichukulia makaa ya mawe au chakula kwa sababu ya dhiki. Mwaka 1958, nchi yake ilipokwisha kushiba, Kardinali huyo huyo ndiye aliyewapendekezea maaskofu wenzake kuanzisha Misereor, shirika la kupambana na njaa na magonjwa ulimwenguni. Wahenga walisema, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Frings aliposhiba hakusahau.

Najua utanijibu: „Padre, mimi nahifadhi urithi, nisingezinunua, zingechomwa kuni.“ Hoja hiyo ina uzito, nami siidharau. Lakini nenda mjini Ulm ukajifunze. Huko kuna jumba la makumbusho ya mkate, lililoanzishwa mwaka 1955 na Willy Eiselen pamoja na mwanawe Hermann. Wamekusanya maelfu ya vitu vihusuvyo mkate, ila mkate wenyewe hawakuuweka. Waliona kwamba mkate si kitu cha makumbusho. Ni chakula kinachookwa kila siku. Tena jumba lile linazungumza waziwazi juu ya njaa, na familia hiyo ilianzisha mfuko wa kusaidia utafiti wa kuiondoa njaa duniani. Huko ndiko kukusanya kwenye adabu! Je, ukuta wako unamkumbusha nani njaa ya mwenzake?

Utaniambia pia kwamba fedha ni zako. Mtakatifu Basili Mkuu, akihubiri juu ya tajiri mpumbavu wa Luka 12, alikwisha kumjibu mwenye hoja hiyo: mkate unaouzuia ni wa mwenye njaa, na vazi lililofungiwa sandukuni ni la aliye uchi. Sikukatazi kupenda kitu kizuri. Nauliza tu, sahani ya ishirini inaongeza nini ambacho ile ya kwanza haikukupa?

Na jambo moja linanichoma zaidi. Wakusanyaji huisifu sahani isiyo na alama za kisu, ati imetunzwa vizuri. Mimi naona kinyume. Sahani isiyo na mkwaruzo haikumlisha mtu. Ile iliyokatwakatwa katikati hata mti ukalika, hiyo ndiyo iliyotimiza maneno ya ukingoni mwake.

Ninyi msomao haya mkiwa mbali na Ujerumani, msimcheke ndugu yetu. Ni nyumba ngapi za Wakatoliki kwetu zenye picha ya Karamu ya Mwisho juu ya meza ya chakula? Yesu anamega mkate ukutani, na chini yake msichana wa kazi anakula makombo jikoni, au jirani mjane anapita mlangoni asikaribishwe. Mtume Yakobo (Yak 2:15-16) ametuuliza sote faida ya kumwambia mwenye njaa aende akashibe, pasipo kumpa kitu.

Basi, ndugu yangu, hukumu yangu ni hii. Teremsha sahani moja, ile iliyo nzuri kuliko zote. Ioshe. Weka mkate juu yake, chora msalaba kwa kisu, kata, na umwite mezani mtu asiyeweza kukualika kwake. Zilizobaki, ziache ukutani ukipenda. Lakini kila ununuapo nyingine, toa kiasi kile kile kwa ajili ya wenye njaa. Ukiona bei imekuwa kubwa mno, utakuwa umekwisha kujua moyo wako ulikuwa wapi.

Nawatakieni nyote Dominika njema. Mungu awabariki.

Padre wenu.