Makato ya NSSF: Kikomo Kimepanda, Lakini Si kwa Kila Mfanyakazi

Kila ifikapo Februari, kuanzia bandarini Mombasa hadi kwenye hoteli za Diani na Malindi, malalamiko huwa yale yale: NSSF imepanda tena. Ni kweli imepanda. Swali ni je, imepanda kwa nani?

Sheria mpya ya NSSF ilipitishwa mwaka 2013, ikazuiliwa na kesi kwa miaka mingi, kisha ikaanza kutekelezwa Februari 2023 baada ya uamuzi wa Mahakama ya Rufaa. Kabla ya hapo mfanyakazi alikatwa shilingi 200 kwa mwezi na mwajiri akaongeza 200. Sasa kila mmoja hutoa asilimia 6 ya mshahara.

Asilimia hiyo haijabadilika. Kinachopanda kila mwaka ni kikomo cha mshahara unaohesabiwa. Kilikuwa 18,000 mwaka 2023, kikawa 36,000 mwaka 2024, kikaenda 72,000 mwaka 2025, na tangu Februari 2026 ni 108,000. Kiwango cha chini nacho kimefika 9,000, lakini kazi yake ni kugawa mchango katika mafungu mawili tu.

Tufanye hesabu. Anayelipwa 100,000 alikatwa 4,320 mwaka jana, na sasa anakatwa 6,000. Anayelipwa 120,000 amefika kilele, 6,480. Lakini anayelipwa 50,000 alikatwa 3,000 mwaka jana na mwaka huu ni 3,000 hizo hizo. Na wa 20,000, ambao ndio wengi kati yetu, makato yao ni 1,200 tangu 2024.

Kwa hivyo, ewe mhudumu wa hoteli au mlinzi unayelipwa 20,000, mwajiri akikwambia amekukata zaidi mwaka huu kwa sababu NSSF imepanda, muulize amepigaje hesabu. Ukiongeza 550 za bima ya afya ya SHIF na 300 za ushuru wa nyumba, makato yako yote ya lazima ni 2,050. Unafaa kurudi nyumbani na 17,950.

Jambo la pili ni zito zaidi. Zile 1,200 zako zinafaa kukutana na 1,200 nyingine kutoka mfukoni mwa mwajiri, na zote ziwasilishwe kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Karatasi ya mshahara inaonyesha ulichokatwa, haithibitishi kilichofika. Kinachothibitisha ni taarifa ya akaunti yako, kutoka ofisi ya NSSF au kwenye mtandao wake. Itazame sasa, usingoje ufikishe miaka 60, wakati huenda kampuni ishafunga milango.

Wa mishahara mikubwa wana nafuu nyingine. Tangu mwisho wa 2024, michango ya uzeeni hadi 30,000 kwa mwezi haitozwi kodi ya mapato, na akiba ya matibabu ya baada ya kustaafu hadi 15,000 vile vile. Nafuu hiyo haimfikii wa 20,000, kwani mapato yake hayafiki hata kiwango cha kutozwa kodi hiyo.

Na je, mvuvi wa Kipini, mwendesha bodaboda wa Likoni, mama anayeuza mahamri Kisauni? Hawana mwajiri wa kuwaongezea hata senti. NSSF ina mpango wa Haba Haba wa kuweka kuanzia shilingi 25 kwa siku, lakini kila shilingi ni yake mwenyewe. Upande wa SHIF, asiye na ajira hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, usiopungua 3,600, hata kama kusi limemzuia kwenda baharini.

Serikali imeinua kikomo mara tatu tangu 2023, na aliye juu anaweka akiba zaidi. Sasa viongozi wetu wa Pwani waulizwe lini mchango wa mvuvi utafuata msimu wake wa kipato, na nani anamkagua mwajiri anayekata asiwasilishe. Uzee haumsubiri mtu apate kazi ya kuandikwa.