Leseni ya Kontrakta na Haki ya Fundi

Apitaye Mkomani, ng'ambo ya daraja la Nyali, haendi mbali kabla ya kuona nyumba ya ghorofa inayojengwa. Mbele ya kiwanja husimama ubao wenye jina la mwenye nyumba, jina la mchora ramani na jina la kontrakta mwenye leseni. Majina ya wale wajengao kwa mikono yao hayamo katika ubao huo.

Ni mara chache kontrakta kuifanya kazi yote kwa watu wake mwenyewe. Plasta humpa mmoja, mabomba mwingine, umeme wa tatu, vigae na milango wengine tena. Hawa ndio makontrakta wadogo, yaani mafundi wenye vibarua wao, ambao hupokea sehemu ya kazi kwa mapatano ya bei. Nyumba ikikamilika sifa humwendea kontrakta mkubwa, na hapana ubaya. Ubaya huanza pale anapopokea fedha za kazi, kisha mafundi hao wakaambiwa, "Njoo wiki ijayo."

Na iwe mfano fundi aliyepatana kupiga plasta ghorofa mbili kwa shilingi 400,000, akapewa shilingi 100,000 za kuanzia. Ana vibarua 6, na kila mmoja humlipa shilingi 1,000 jioni. Kwa siku 30 vibarua hao watakuwa wamepokea shilingi 180,000. Fedha za kuanzia zimekwisha kabla ya siku ya 17 kutimia, na zile 80,000 za ziada fundi amekopa kwa ndugu na kwa mwenye duka. Plasta ikiisha bila ya yeye kulipwa, hakukosa faida tu, bali amebaki na madeni ya kazi iliyompendeza mtu mwingine. Mkulima aliyewahi kupeleka miwa kiwandani akangoja malipo miezi kadha wa kadha hahitaji kuelezwa zaidi.

Wala sheria haimruhusu fundi huyo kuwaambia vibarua wake wangoje. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yasema kwamba ujira wa kibarua wa kutwa ni haki yake mwisho wa siku, na mwajiri asiyelipa mishahara ipasavyo aweza kushtakiwa. Basi kontrakta mdogo amebanwa pande mbili: chini yake sheria yamhimiza alipe leo, na juu yake yuko mtu amwambiaye kesho.

Hapa haki yataka watu wawili watofautishwe. Wa kwanza ni kontrakta ambaye yeye mwenyewe hajalipwa. Wako wengi wa namna hiyo, kwa maana madeni ya Serikali Kuu na ya serikali za kaunti kwa watu waliozifanyia kazi yamekuwa mzigo mkubwa katika Kenya. Mtu huyu ana shida, na kumwita mwizi ni kumwonea. Wa pili ni yule aliyekwisha kulipwa, kisha fedha za plasta akanunulia gari, au akaanzia jengo jingine. Huyu hana shida ya fedha. Ana fedha za watu. Adhabu yapasa kumwangukia huyu wa pili, na yapasa kufika hata kwenye leseni yake.

Yako mataifa yaliyoipambanua tofauti hii kwa sheria. Katika jimbo la California, Marekani, Baraza la Leseni za Makontrakta limekuwapo tangu mwaka 1929. Kontrakta wa huko akipokea malipo ya sehemu ya kazi, hana budi kuwalipa makontrakta wadogo mafungu yao katika siku 7, isipokuwa wamepatana vingine kwa maandishi. Akikawia, hutozwa asilimia 2 kwa kila mwezi juu ya deni, na kosa hilo peke yake latosha kuwa sababu ya kutiwa adabu na Baraza. Siku hizo 7 huhesabiwa tangu yeye alipopokea fedha, kwa hiyo ambaye hajalipwa haguswi. Tena pakiwa na ugomvi wa kweli juu ya ubora wa kazi, aweza kuzuia kiasi cha fungu lenye ugomvi na nusu yake tena, wala hana ruhusa ya kushika fedha zote kwa ajili ya ukuta mmoja uliopinda.

Uingereza imekwenda mbali zaidi. Sheria yao ya mwaka 1996 imeyabatilisha mapatano yasemayo "nitakulipa nikilipwa," ila pale mlipaji wa juu anapokuwa amefilisika. Fundi akinyimwa haki yake aweza kuomba mwamuzi, na mwamuzi hupewa siku 28 kutoa uamuzi wake.

Kenya nayo haikukosa msingi. Sheria namba 41 ya mwaka 2011 iliunda Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, ambayo huandikisha makontrakta katika madaraja 8, huwapa leseni za kila mwaka, na yapaswa kutoa kanuni za mwenendo mwema wa kazi hiyo. Mamlaka yenye uwezo wa kutoa leseni ina uwezo pia wa kuizuia. Kwa kazi za Serikali iko Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015, ambayo humruhusu msimamizi wa ununuzi kumfungia mtu asipewe kazi za umma kwa muda usiopungua miaka 3. Na moja ya sababu zake ni kuvunja vibaya sheria za haki za wafanyakazi. Lakini kumnyima kontrakta mdogo fedha zake hakukutajwa kwa jina katika orodha ya sababu hizo. Kwa hiyo yafaa kosa hilo liandikwe wazi, na kontrakta ajapo kuomba leseni ya mwaka mpya aulizwe kama iko hukumu ya deni la fundi ambayo hajailipa.

Hata hivyo sheria njema haimsaidii mtu asiye na karatasi mkononi. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Mafundi wengi wa Kisauni, Likoni na Changamwe hupatana kwa mdomo, kwa kuwa kontrakta ni jirani, au ni mtu wa msikiti mmoja, au ni shemeji. Kuandika mapatano si kumtukana jirani. Yatosha ukurasa mmoja: kazi gani, bei gani, malipo siku gani, na sahihi mbili mbele ya shahidi. Kisha kila siku fundi aandike vibarua waliokuja na mita zilizopigwa, na kila fedha apokeayo aitolee risiti. Karani ajuaye kuandika vizuri, akimsaidia fundi wa mtaani kwake kwa kazi hiyo ya nusu saa, atakuwa amemfaa kuliko kumkopesha.

Mwenye karatasi anayo njia. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka 2016 iliwafungulia mlango watu wa deni lisilozidi shilingi 1,000,000. Mdai aweza kujisemea mwenyewe bila ya wakili, na shauri lapasa kwisha katika siku 60 tangu lilipofunguliwa. Shilingi 300,000 za plasta zaingia humo bila taabu. Hukumu ikipatikana, fundi hana haja ya kupiga kelele kiwanjani. Nakala yake aipeleke kwenye ofisi ya waliomwandikisha kontrakta huyo, wajue ni mtu wa namna gani wanayempa leseni.

Wazee wa pwani hufundisha kwamba mfanya kazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Leseni ni ushuhuda mbele ya watu kwamba mwenye kuishika aweza kukabidhiwa kazi na fedha za wengine. Ajuaye kusimamisha ukuta, asijue kulipa walioupiga plasta, amehitimu nusu ya kazi yake, na leseni haitolewi kwa nusu.