Anayekumbushwa ni Nani?

Neno makumbusho tumelizoea mno hata hatulisikii tena. Tukilichambua kama tunavyofundishwa katika somo la mofolojia, tunakuta kitenzi kumbuka, kisha usababishi unaotupa kumbusha, kisha nomino. Kwa hiyo jumba la makumbusho, kwa mujibu wa lugha yetu, si ghala la vitu. Ni mahali ambapo mtu humkumbusha mwenzake jambo. Wazungu walichukua jina lao kwa Wayunani wa kale, ambao kwao lilikuwa makao ya miungu-wake wa sanaa na elimu. Sisi tulichagua tendo. Na tendo la kukumbusha lina sharti lake: huwezi kumkumbusha mtu jambo ambalo hakupata kulijua. Asiyejua huarifiwa.

Nimeifikiria tofauti hiyo tangu siku nilipofuatana na bibi yangu mzaa mama, pamoja na mama na wapwa zangu wawili, tukatoka Mkokoni kwenda kulitazama jumba la makumbusho la Lamu.

Kwa wasiopajua, Mkokoni ni kijiji cha Wabajuni katika pwani ya bara, kinachotazamana na kisiwa cha Kiwayu, ndani ya eneo la Hifadhi ya Bahari ya Kiunga iliyotangazwa mwaka 1979. Kwenda Lamu ni safari ya bahari, na mpangaji wa safari ni maji yenyewe, kwani njia ya Mkanda, ule mfereji mwembamba uliopo kati ya Manda na bara, haipitiki vyema maji yanapotoka. Bibi alikuwa amefika Lamu mara nyingi, kwa harusi, kwa hospitali na kwa Maulidi. Hata hivyo hakuwa amewahi kukanyaga ndani ya jengo lile kubwa la pwani. Kwa watu wa umri wake lilikuwa nyumba ya wakuu wa serikali ya Waingereza, na hofu ya nyumba ya mkubwa haiondoki kwa sababu kibao cha mlangoni kimebadilishwa.

Tulipoingia, kitu cha kwanza kilichomsimamisha kilikuwa siwa ya Pate. Wasomaji wa jarida hili wamekwisha kuisoma vitabuni: baragumu la pembe ya ndovu, refu kuliko kimo cha mtu, ambalo pamoja na siwa ya Lamu ya shaba ndiyo alama kuu ya enzi katika visiwa hivi. Mapokeo ya Pate yanamtaja Mwana Darini, aliyenyimwa siwa ya ufalme alipotaka kumfanyia mwanawe sherehe ya kumtahiri. Badala ya kulia akamwita fundi na kumwagiza amchongee yake. Bibi aliijua hadithi hiyo kwa namna yake. Hakuuliza siwa ni ya karne gani. Aliuliza ilipigwa mara ya mwisho lini, na nani aliyeipiga. Nilibaki kimya. Miaka minne ya masomo ya fasihi simulizi haikuwa imenifundisha kujiuliza hivyo, ingawa ndilo swali la kwanza linalostahili kuulizwa kuhusu kitu kilichotengenezwa ili kisikike.

Kutoka hapo tulikwenda penye mfano wa mtepe. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja na kusukumwa na tanga la mraba la mkeka, ulikuwa fahari ya mafundi wa upande wetu wa Kibajuni, na ulikwisha kutoweka baharini kabla ya bibi kuwa na akili ya kuutambua. Alichokuwa nacho ni masimulizi ya babu yake. Hata hivyo, alianza kuzitaja sehemu zake moja moja kwa kidole: mkuku, taruma, foramali, omo, tezi. Baadhi ya majina yalikuwa haya mnayoyajua. Mengine sikuwa nimeyasikia kamwe, na mama, ambaye ni mtoto wake wa kumzaa, alikuwa anayajua nusu tu. Mpwa wangu mwenye umri wa miaka tisa, anayejua kuendesha boti ya mtambo kuliko mimi, hakujua hata foramali. Vizazi vinne, mtu na babu yake wakihesabiwa, mbele ya mfano mmoja wa mti: kwa bibi yalikuwa makumbusho, kwa mama nusu makumbusho nusu habari, kwa mtoto habari tupu.

Kwenye vyombo vya jikoni mambo yaligeuka kuwa kicheko. Mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu, kawa ya ukindu. Bibi alisema kawa iliyofunika wali wetu usiku uliotangulia ilisukwa vizuri zaidi, na nadhani alisema kweli. (Maneno yake nimeyaandika kwa Kiswahili sanifu. Yeye alisema kwa Kitikuu, na hapo tayari msomaji amenyang'anywa kitu; naomba radhi, kwa kuwa kosa hili ndilo ninalotaka kulijadili.)

Jumba linaweza kukihifadhi kifumbu kwa miaka mia. Litakiwekea dawa ya kuzuia wadudu, nambari na kioo. Lakini jina lake, njia ya kukikamua, tusi analotukanwa msichana asiyejua kukitumia, hayo hayakai kabatini. Yanakaa kinywani mwa mtu, na mtu huyo hana nambari. Nalisema hili bila ya kuwalaumu walinzi wa majumba yetu, ambao kazi yao ni vitu na wanaifanya kwa mfuko mdogo. Kazi ya maneno ni ya nani kama si yetu sisi tunaojiita wanafunzi wa Kiswahili? Katika jumba moja la mkoa, ambalo si la Lamu na sitalitaja, niliwahi kukuta maelezo ya aya tatu kwa Kiingereza juu ya mtego wa samaki, na chini yake neno moja tu la Kiswahili: mtego. Nilikasirika, kisha nikatambua kwamba kama ningeombwa siku ile kuiandika aya ya Kiswahili, nisingeiweza.

Majumba ya mikoa hupenda kugawa vyumba vyake: huku maumbile, kule utamaduni. Ndege waliokaushwa hapa, ngoma pale. Jina la kijiji chetu linaukataa mgawanyo huo. Mkokoni ni penye mkoko. Mwanabayolojia atakuonyesha mkoko, mkandaa, mchu, muia, mkomafi na mlilana, kila mti na mahali pake kati ya maji makuu na nchi kavu, naye atakuwa ametumia majina yaliyotungwa na wakataji. Mkataji naye akishaukata mti haendelei kuuita mkoko. Kwa unene wake huwa fito, au pau, au mazio, au boriti, au nguzo. Boriti ikaamua upana wa chumba cha nyumba ya mawe ya Lamu, kwa kuwa dari haiwezi kupita urefu wa mti unaolibeba. Ndiyo sababu vyumba vile ni virefu na vyembamba. Boriti hizo hizo zilipakiwa majahazini kwenda Uarabuni na Ghuba kwa karne nyingi, hadi serikali ya Kenya ilipopiga marufuku usafirishaji wake nje mwaka 1982. Sasa mti huu tuutundike katika chumba gani? Cha maumbile, cha ujenzi, cha biashara au cha leksikografia?

Nimetaja leksikografia kwa makusudi. Sote tunajua kuwa usanifishaji ulijengwa juu ya Kiunguja, kufuatia mkutano wa Mombasa wa 1928 na kamati iliyoundwa mwaka 1930. Sina ugomvi na uamuzi huo. Bila ya huo nisingekuwa naandika makala haya yakasomeka Kampala na Dodoma. Lakini inatia aibu kidogo kwamba mwanafunzi anayetaka maneno ya lahaja za kaskazini bado husukumwa kwenye kamusi ya Charles Sacleux, padri wa Kifaransa, iliyotolewa kati ya 1939 na 1941, ambayo iliweka alama kuonyesha neno ni la lahaja gani. Na ili aisome inambidi ajue Kifaransa. Baadhi ya wahadhiri wetu huniambia kwamba kukusanya orodha za maneno ni isimu ya karne iliyopita, kwamba siku hizi nadharia ndiyo inayompatia mtu shahada. Huenda. Lakini nadharia haina haraka, itatusubiri. Bibi yangu hana muda huo.

Sasa nikigeukie chama chetu. Ziara za kwenda Lamu tunazipenda, nami nimo. Tunashuka gatini, tunapiga picha penye ngome iliyokamilika mnamo 1821, tunaambiwa ilikuwa gereza hadi 1984, tunatembea katika mji ulioingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, tunaandika ripoti. Tunakwenda kama watalii wenye daftari. Sijapata kuona ziara hata moja iliyomchukua mzee wa kijijini kuwa mwalimu wetu ndani ya jumba, akalipiwa nauli na posho kama tunavyomlipia mgeni wa heshima kongamanoni.

Mtu atasema Mkokoni haifikiki, na hapo hatanisingizia. Septemba 2011 watu wenye silaha walivamia hoteli ya watalii iliyo jirani nasi, wakamuua mgeni mmoja na kumteka mkewe. Mwezi uliofuata majeshi ya Kenya yakaingia Somalia. Baada ya hapo ikaja marufuku ya kuvua usiku, iliyodumu miaka kadhaa. Watu walihesabu hasara ya samaki, na ilikuwa haki yao kuihesabu. Lakini kuna vijana waliobaleghe katika miaka hiyo bila kulala baharini na baba zao hata usiku mmoja, na lugha ya uvuvi wa usiku haifundishwi mchana sebuleni. Kwa hiyo ugumu wa kufika Mkokoni, badala ya kuwa udhuru, ndio unaoifanya kazi hii iwe ya haraka. Nasi wenyeji tunafika, hatuhitaji msafara.

Wala si lazima iwe Lamu. Aliyetoka Nyanza ana jumba la Kisumu, lenye nyoka na samaki hai na boma la Kijaluo katika ua mmoja. Wa Trans-Nzoia ana la Kitale, lililokuwa la kwanza la mkoa huko bara, mwaka 1974. Amchukue nyanya yake au babu yake, amlipie kiingilio, kisha anyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu. Mimi mwenyewe nilimkatiza bibi mara mbili kumsahihishia jina la kitu kwa sababu nilikuwa nimelisoma kwenye kibao.

Wakati wa kurudi tulikawia Mkanda kungoja maji yajae. Watoto walilala juu ya magunia. Bibi, ambaye nilidhani amechoka, aliendelea kunitajia majina ya sehemu za tanga la mkeka na ya kamba zake, nami nikiandika gizani kwa mwanga wa simu, hadi kurasa tatu zikajaa. Nahodha akawasha mtambo. Neno la mwisho sikulisikia vizuri. Nimeliandika kwa alama ya kuuliza, na nitamwuliza tena likizo ya Aprili.