Watoto Wetu Wafundishwe Kufunga Bendeji

Mtoto akianguka kutoka juu ya mwembe au mparachichi, mara nyingi mtu mzima hayupo. Walio naye ni watoto wenzake, njiani kwenda shule, machungani au kisimani. Hao ndio watakaomshika kwanza, wawe wamefundishwa au hawakufundishwa. Kwa hiyo hatukubaliani na wanaosema kwamba huduma ya kwanza ni kazi ya waganga na wauguzi peke yao.

Bila mafunzo, mkono uliovunjika huvutwa ili "urudi mahali pake", hukandwa kwa maji ya moto, au hufungwa vijiti na kamba kwa nguvu hadi vidole vinabadilika rangi. Mkono uliobanwa hivyo waweza kuoza ukakatwa, hata kama mfupa wenyewe ungepona.

Kifaa tunacho nyumbani. Chukua kitenge kikuukuu kilichofuliwa, kata mraba wa mita 1, kisha ukate kutoka pembe hadi pembe. Umepata vitambaa viwili vya pembetatu. Majeruhi akunje mkono kifuani, kiganja kikiwa juu kidogo kuliko kiwiko. (Kiwiko kikikataa kukunjika, kisilazimishwe, mkono uachwe ulivyo.) Pitisha kitambaa kati ya mkono na kifua, ncha ya katikati ielekee kwenye kiwiko. Pembe ya juu ipite bega zima, izunguke nyuma ya shingo. Pembe ya chini ipandishwe juu ya mkono, zikutane upande ulioumia, karibu na bega. Fundo lisikae juu ya uti wa shingo, maana linaumiza. Ncha ya kiwikoni ifungwe kwa pini.

Halafu jambo ambalo hata watu wazima husahau: kutazama vidole. Bonyeza ukucha hadi uwe mweupe, kisha uachie. Wekundu usiporudi upesi, au vidole vikiwa vya baridi na ganzi, bendeji ilegezwe mara moja. Kisha majeruhi apelekwe zahanati, au hospitali kama Rulenge au Murgwanza. Penye damu, mtoto aite mtu mzima, na asiiguse kwa mikono mitupu.

Mwaka 1859, baada ya vita vya Solferino huko Italia, akina mama wa Castiglione waliwauguza majeruhi ndani ya kanisa, nao hawakuwa waganga. Henri Dunant aliyaona hayo, na fikra ya Msalaba Mwekundu ikazaliwa. Sisi wa Ngara tuliuona Msalaba Mwekundu ukifanya kazi Benaco mwaka 1994, wakimbizi walipofika kwa maelfu.

Tunapendekeza kwamba hapa Ntobeye watoto wa Utoto Mtakatifu wapewe saa moja kila mwezi na muuguzi mmojawapo wa waamini wetu. Wafungane wao kwa wao. Watacheka sana mara ya kwanza, na waachwe wacheke. Kila jumuiya ilete kitenge kimoja kilichochakaa.