Mshale Ungali Upindeni

Wenzangu katika jarida hili wameleta mashairi na visa vya mapenzi. Mimi nimeleta hoja, tena hoja ya mchezo. Usicheke kwanza, nisikilize hadi tamati.

Wengi wenu hutuona Jumamosi baada ya chakula cha mchana, tumeizunguka meza moja huku tukirusha dadu na kupiga makelele. Kuna wanaonong'ona ati tunacheza kamari. La hasha! Hapawekwi hata ndururu. Mchezo wetu ni wa kuigiza. Mmoja huwa msimulizi, na kila mmoja wa waliosalia ana mhusika wake: huyu askari, yule mchawi, yule mwizi. Msimulizi hueleza yanayotukia, mchezaji husema mhusika wake atafanya nini, kisha dadu huamua kama atafaulu. Mchezo maarufu kuliko yote wa aina hii, Dungeons & Dragons, ulichapishwa Marekani mwaka wa 1974. Waliouandika ni Gary Gygax na Dave Arneson.

Sisi hufuata kanuni za toleo la 1989. Katika vita, kila raundi huanza kwa wachezaji kutangaza watakalofanya. Baada ya hapo ndipo dadu ya pande kumi hurushwa kuona nani atatangulia, na mwenye nambari ndogo ndiye wa kwanza. Basi hapo ndipo penye matata. Baina ya kutangaza na kutenda, mambo hugeuka. Je, aliyekwisha kutangaza aruhusiwe kubadilisha nia au kuifuta?

Muhula wa pili nilikuwa mimi msimulizi. Mazimwi watatu walikuwa wameziba daraja. Rafiki yangu mwenye mchawi akatangaza kuwa atawarushia tufe la moto. Mwenzetu mwenye askari akasema atabaki nyuma akilinda njia. Dadu zikarushwa, mazimwi wakatangulia. Mmoja wao akamnyaka askari, akamburura hadi katikati ya wenzake. Zamu ya mchawi ikafika.

"Ngoja bana, naacha! Sirushi tena," rafiki yangu akasema.

"Ulishasema," nikamjibu. "Neno likitoka halirudi."

Moto ukarushwa. Askari akateketea pamoja na mazimwi. Mwenyewe alikuwa amemlea mhusika huyo tangu tulipokuwa kidato cha pili. Hakusema lolote. Alikusanya karatasi zake, akaenda zake bwenini. Wiki tatu hakuja mezani, na yeye na mwenye mchawi, ambao hukaa dawati moja, hawakuazimana hata rula.

Sasa nikiri ukweli. Sikutoa hukumu ile kwa kuipenda sheria. Mwenye mchawi ni rafiki yangu wa chanda na pete, nami niliogopa kuambiwa nampendelea. Nilijificha nyuma ya ukali, nikauita haki.

Wanaotetea ukali wana sababu zao, na si sababu za kupuuzwa. Kama kila mtu anaweza kubadilisha apendavyo, kutangaza kuna faida gani? Mjanja atasema lolote, angoje aone wengine wamefanya nini, kisha achague lililo bora. Ati ahadi ni deni. Wengine nao wanasema tuache kabisa kutangaza, kila mtu aamue zamu yake ifikapo, kama lilivyofanya toleo la 2000. Hiyo pia ni njia, lakini ile hofu ya kutojua kitakachotokea, ambayo ndiyo utamu wenyewe wa vita, hupungua.

Mimi naona njia ya katikati ipo, na wachezaji wa sataranji wanaijua siku nyingi. Katika sataranji ya mashindano, ukigusa kete yako kwa nia ya kuicheza, lazima uicheze hiyo ikiwa ina pa kwenda. Lakini kabla hujaiachilia, bado unaweza kuchagua nyumba ya kuiweka. Ukishaiachilia, basi. Kwa hivyo kuna kugusa na kuna kuachilia, nayo si mamoja. Kwetu pia, kutangaza ni kuweka mshale upindeni, na kurusha dadu ya shambulio ndiko kuuachilia. Msimulizi asimhukumu mtu kana kwamba mshale umekwisha ruka ilhali ungali upindeni.

Napendekeza hivi. Kwanza, kufuta kuruhusiwe daima kabla ya dadu ya shambulio kurushwa, lakini aliyefuta apoteze zamu hiyo. Mchawi ana macho. Akimwona mwenzake motoni atazuia mkono wake, jamani! Hata toleo la 2014 lina mfano wake: mchezaji anaweza kuweka uchawi tayari akingojea jambo fulani litukie, na lisipotukia kabla ya zamu yake nyingine, uchawi ule umepotea. Kujizuia kunakubaliwa, ila kuna gharama.

Pili, kama uliyemlenga ameanguka kabla ya zamu yako, uruhusiwe kumlenga mwingine aliye karibu kwa silaha ile ile. Hilo si kosa lako. Lakini aliyetangaza mshale asigeuke ghafla kuwa mfungua milango.

Tatu, dadu ikishatua, hakuna cha "nilikuwa nataka kusema". Maji yakimwagika hayazoleki. Na sheria hizi zisomwe kabla ya mchezo, si katikati ya ugomvi.

Nilimwendea mwenye askari nikamwomba radhi mbele ya wote. Askari sikumfufua, kwani dadu zilikuwa zimetua, na mwenyewe hakutaka. Amerudi na mhusika mpya, mpiga mishale, na juzi nilimwona akiazima rula.

Hayo ni maoni yangu. Mwenye yake na ayalete katika toleo lijalo.

Mwanachama, Kidato cha Nne