Malezi ya Watoto Wetu: Wajaribuni Kabla ya Kuwakabidhi

 

Katika ukurasa huu tumekwisha kusema mengi juu ya kumfundisha mtoto sala, adabu na kusoma. Mwezi huu twataka kusema juu ya jambo ambalo wazazi wengi huliona kuwa ni la dunia tu, wakaliacha nje ya mlango wa chuo. Nalo ni kumfundisha mtoto kushika fedha. Kilichotufanya tuliseme ni kisa kilichotupata sisi wenyewe, nasi tutakieleza kama kilivyokuwa.

Hapa pwani yetu, kaskazini ya Dar es Salaam, alifariki mvuvi mmoja akaacha mjane, binti wawili na mtoto mmoja mwanamume. Boti yake, mashine na nyavu viliuzwa, mirathi ikagawanywa kwa sheria, na fungu la yule mtoto wa kiume likawa shilingi 4,000,000. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 11, naye akisoma kwetu. Ami yake akaishika amana ile.

Twashuhudia ya kwamba ami yule ni mtu mwaminifu. Alipatwa na shida zake, akauguliwa, akakosa karo za watoto wake, wala hakuigusa amana hata senti moja. Mtoto alipokwisha kubaleghe na kutimiza miaka 18, siku moja ya mwezi wa Rajabu, baada ya sala ya Alasiri, alituita watu wanne barazani kwake. Akazihesabu fedha mbele yetu, akamkabidhi mwenyewe. Sisi tukatia saini, tukaomba dua, tukanywa kahawa, kisha tukaondoka tukimsifu kwa ulezi wake mwema.

Ilipofika Maulidi, mwezi wa Mfungo Sita, fedha zile zilikuwa zimekwisha zote. Kijana alinunua pikipiki iliyokwisha kutumika bila ya kumwonyesha fundi, ikaharibika mashine kabla ya kutimia miezi miwili. Rafiki zake walimkopa, naye hakuandika. Alinunua simu ya bei kubwa, na kwa simu hiyo akaingia katika kamari ya matokeo ya mpira, akitaraji kuzirudisha zilizopotea. Hapo ndipo zilipomalizikia.

Alikuja nyumbani kwetu usiku mmoja baada ya Isha. Akasema, "Shikamoo, Maalim." Tukamwitikia, tukamkaribisha mkekani, nasi tumekwisha kuyatayarisha maneno ya kumkemea. Tukamwuliza, "Mwanangu, umezifanyaje fedha za marehemu baba yako?" Akainama, akajibu, "Maalim, mimi tangu utoto wangu nilikuwa nikitumwa dukani na pesa kamili. Sikupata kushika hata elfu tano iliyokuwa yangu, nikaamua mwenyewe ifanye nini. Kisha siku moja nikapewa milioni nne."

Tulikosa la kumjibu. Kwani kijana huyu ni sisi tuliomsomesha Sura ya An-Nisaa, naye alikuwa akiisoma vizuri. Katika sura hiyo, aya ya 6, Mwenyezi Mungu ametoa amri zake juu ya mali ya mayatima. Ameamuru wajaribiwe hata wafikie umri wa kuoa. Wakionekana wana busara ya kutumia mali, wapewe mali yao. Amewakataza wasimamizi wasiile kwa israfu, wala kwa kuwahi kabla wenyewe hawajakua. Msimamizi tajiri ajizuie, na maskini ale kwa kiasi kinachokubalika. Na siku ya kukabidhi, wawekwe mashahidi.

Ami yule hakula, alingojea umri, na mashahidi aliwaweka. Lililoachwa ni kujaribu, nalo ndilo linalotajwa mwanzo wa aya. Na sisi mashahidi wanne, mmoja wetu akiwa ni mwalimu wa Kurani, hakuna hata mmoja aliyeuliza, "Je, huyu mmemjaribu?" Basi lawama ya jambo lile hatuwezi kumwachia kijana peke yake.

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, yaani 1277, ameeleza namna ya jaribio hilo katika kitabu chake Minhaj, kinachotegemewa sana katika madhehebu yetu ya Shafi. Ameeleza kwamba mtoto wa mfanyabiashara hujaribiwa kwa kuuza na kununua na kupatana bei. Mtoto wa mkulima hujaribiwa kwa ukulima na kwa matumizi ya wafanyao kazi shambani. Mwenye ufundi hujaribiwa kwa ufundi wake. Na mwanamke hujaribiwa kwa mambo ya pamba na kusokota nyuzi, na kwa kukilinda chakula kisiliwe na paka. Wala jaribio si la mara moja. Sharti lirudiwe mara mbili au zaidi. Na wakati wake ni kabla ya kubaleghe. Na kwa kuwa biashara ya mtoto haijasihi kisheria, yeye hupatana bei, na ikifika saa ya kufunga mapatano, msimamizi wake ndiye ayafungaye.

Tazameni wema wa mpango huu. Mtoto hutangulizwa mbele, na mzazi yuko nyuma yake. Mtoto wa mvuvi aende na baba yake mnadani pwani ya Bagamoyo, aambiwe, "Leo wewe ndiye utakayetaja bei ya kwanza." Binti ambaye mama yake analima mwani Mlingotini ashike yeye daftari siku ya kupima, aandike kilo na bei, kisha amsomee mama jumla. Binti huyu iko siku atapokea mahari yake, nayo ni mali yake yeye, si ya baba wala ya mume. Atayatunzaje mahari mtu ambaye hakupata kutunza hata shilingi mia?

Tena jambo hili si geni katika dini yetu. Mtoto huamrishwa sala akiwa na miaka 7, hali haijawa faradhi juu yake. Hukosea rakaa, husahau, hucheka kwenye safu, wala haandikiwi dhambi. Katika Ramadhani watoto wetu hufunga hadi adhuhuri, wakala, na kesho wakafunga tena. Tunafanya hivi ili faradhi itakapowajia wasiione nzito. Na fedha ni vivyo hivyo: anayekosea kwa shilingi 500 akiwa na miaka 9 amekosea kwa bei nafuu.

Na sisi watu wa upande huu tuna haja ya mafunzo haya, kwani fedha nyingi hupita kwetu kwa ghafula. Bagamoyo iliona misafara ya pembe za ndovu, na ilikuwa makao makuu ya Wajerumani hata mwaka 1891, yalipohamishiwa Dar es Salaam. Katika siku zetu hizi mji wa Dar es Salaam unapanuka kwa njia ya barabara, na mashamba ya minazi yaliyokuwa ya babu zetu huuzwa kwa viwanja. Mwaka 2013 ulitiwa saini mkataba wa kujenga bandari kubwa upande wa Mbegani, na wako wenye mashamba waliolipwa fidia. Mwaka 2019 mazungumzo yale yakasimama. Siku fedha inapobisha hodi, haimwulizi mtu kama amejifunza. Wako walioipokea wakajenga na kusomesha, na wako walioipokea wakabaki wakitazama shamba lao likiwa na ukuta wa mtu mwingine.

Basi baada ya kisa kile tulianza kujirekebisha chuoni kwetu. Kila Alhamisi wanafunzi huleta ada ya shilingi 500. Zamani mzazi alikuwa akimtia mtoto sarafu mkononi Alhamisi ile ile, naye akatufikishia, kama mpagazi abebavyo mzigo asioujua. Tukawaomba wazazi wampe mtoto ada hiyo siku ya Jumamosi, pamoja na zile wampazo za juma zima, azihifadhi mwenyewe.

Alhamisi ya kwanza, katika watoto 31, watoto 11 walikuja mikono mitupu. Huyu amenunua ubuyu, huyu amepoteza njiani, huyu amemkopesha kaka yake. Hatukumchapa mtu, wala hatukupeleka habari kwa mzazi ili alipe tena. Tulifungua daftari, tukaandika jina la mwenye deni, kiasi chake, na siku atakayolipa kidogo kidogo kutoka katika fedha zake, na wenziwe wawili wakashuhudia. Kisha tukawaonyesha ya kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu, nayo ni ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, yahusu kuandika deni. Walikwisha kuisoma mara nyingi. Siku ile ndipo walipoielewa. Baada ya miezi mitatu asiyeleta alikuwa mmoja au wawili, nao hutuambia kabla hatujawauliza.

Tulimpa kila mtoto kidaftari cha kuandika kilichoingia na kilichotoka. Binti mmoja wa miaka 9 alijumlisha mwisho wa mwezi, akaona barafu alizonunua kwa shilingi mia mia zimefika 2,000, bei ya madaftari manne. Hakuna aliyemkataza; alipunguza mwenyewe. Wazee walisema kweli, mali bila daftari hupotea bila habari.

Yako maneno mawili ambayo wazazi hutuambia. La kwanza husema, "Maalim, sisi ni maskini, hatuna cha kumpa mtoto." Twajibu: hatusemi muongeze kitu. Fedha ya unga, ya mafuta na ya nauli inapita nyumbani kila siku. Ipitisheni mkononi mwa mtoto. Mpeni 2,000 aende gengeni, apatane mwenyewe bei ya nyanya na bamia, arudi atoe hesabu. Akirudi na baki, asifiwe. Akipunjika, arudishwe kesho na fedha ile ile, asinyang'anywe kazi.

La pili husema, "Mtoto akizoea pesa ataipenda dunia." Twajibu: mtoto asiyefundishwa huipenda zaidi, kwani kwake fedha ni kitu cha ajabu. Afundishwe kuigawa mafungu matatu, hata ikiwa ni shilingi 300: fungu la kutumia, fungu la kuweka, na fungu la sadaka. Na lile la sadaka alitoe kwa mkono wake mwenyewe siku ya Ijumaa, ili ajue kwamba fedha ina kazi nyingine zaidi ya kununua.

Liko na kosa letu wakubwa ambalo hatuna budi kulitaja. Siku ya Idi watoto huzunguka nyumba kwa nyumba wakipewa mkono wa Idi. Jioni mama husema, "Lete nikuwekee." Mtoto akatoa, na mwisho wa habari ukawa hapo. Mali aliyopewa mtoto ni ya mtoto, nasi tu wasimamizi tu. Tukiila tukanyamaza, tumemfundisha mambo mawili: kwamba akiba huliwa na wakubwa, na kwamba ni afadhali kutumia upesi kuliko kuweka. Ikiwa shida imetushika, tumwambie kwamba tunamkopa, tuandike, na tulipe.

Na tangu M-Pesa ianze nchini mwetu mwaka 2008, mtoto humwona mzazi akibonyeza tarakimu, na mkaa ukaja. Hakuiona fedha ikitoka. Basi msomeeni ujumbe wa simu, mwonyesheni makato na salio. Mwambieni mapema ya kwamba katika simu hiyo hiyo imo mikopo ya riba na imo kamari, na zote mbili Mwenyezi Mungu amezikataza.

Sahaba Abdurrahman bin Auf alipohamia Madina aliiacha mali yake Makka. Ndugu yake wa Kiansari, Saad bin Rabii, akataka kumgawia nusu ya mali yake. Yeye akamwombea baraka, akaomba aonyeshwe soko lilipo. Akaanza kwa jibini kavu na samli, akawa katika matajiri wa Madina na watoaji wakubwa wa sadaka. Mali ilibaki Makka, lakini ujuzi alikuja nao. Huo ndio urithi usioweza kuuzwa wala kuporwa, nasi twaweza kumpa mtoto wetu hata tukiwa hatuna shamba wala boti.

Yule kijana wetu sasa ni baharia katika boti ya mtu mwingine. Kila Alhamisi hutuletea daftari lake tulitazame, na hazina yake imefika shilingi 340,000. Si nyingi, lakini anajua kila shilingi ilikotoka. Siku moja alituambia, "Maalim, laiti ungenitaka daftari hili nilipokuwa na miaka 11." Nasi hatukumjibu ila kwa kusema, "Kweli, mwanangu."

Twawaomba wasomaji wetu mwezi huu kila mmoja ampe mtoto wake fedha kidogo, amwache aamue, kisha amwulize hesabu kwa upole. Mwenyezi Mungu atupe watoto wenye busara katika dini yao na katika mali yao, na atusamehe sisi kwa tuliyoyapitisha. Amin.